Paka wa Sultani, Binti wa Mbweha: Nunda, Gumiho na Ufasiri wa Viumbe wa Ngano

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mvuto wa kuwafasiri viumbe wa ngano za Korea kwa maneno jini na zimwi, suala linalozidi kuwa muhimu kadiri tamthilia za Kikorea zinavyosimuliwa kwa Kiswahili. Kwa kulinganisha ngano ya Nunda, mla watu, iliyochapishwa na Steere (1870), na ngano ya Kikorea ya dada mbweha, makala yanajenga hoja kwamba undugu wa viumbe hawa haumo katika maumbile yao. Umo katika mahali wanapolelewa na katika mtu anayewakingia kifua. Kuwaita majini ni kumwondolea mtu huyo lawama.

1.0 Utangulizi

Tamthilia za Korea zina wapenzi wengi jijini Dar es Salaam. Katika vibanda umiza vya Tandika na Mbagala, wilayani Temeke, na vya Tandale na Mwananyamala, wilayani Kinondoni, filamu za kigeni hutazamwa pamoja na sauti ya msimuliaji anayezieleza kwa Kiswahili. Sanaa hii, iliyopata umaarufu kwa kazi za wasimuliaji kama Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, imechunguzwa na Krings (2015). Msimuliaji wa namna hii hafanyi kazi ya mkalimani peke yake. Ni fanani: hufupisha, huongeza, hutania na huonya, naye huitazama hadhira yake kabla ya kuitazama matini.

Fanani huyo anapokutana na gumiho, mbweha wa mikia tisa anayejigeuza mwanamke na kutamani maini ya watu, au na dokkaebi, kiumbe mpenda mieleka anayesemwa hutokana na vyombo vilivyotupwa kama ufagio mkuukuu, hulazimika kuchagua neno papo hapo. Viumbe hawa wamesambaa duniani kupitia tamthilia kama My Girlfriend Is a Gumiho (2010) na Guardian: The Lonely and Great God (2016–2017). Kiswahili kinampa fanani maneno mawili yaliyo tayari kinywani: jini na zimwi. Swali la makala haya ni hili: kila neno kati ya hayo linaipeleka hadithi wapi?

2.0 Jini, Zimwi na Hatari Itokayo Nje

Jini wa pwani ya Afrika Mashariki ana ukoo, ana dini, ana makazi yake baharini, mapangoni au mibuyuni. Humpanda mtu kichwani, naye mtu huyo huitwa kiti chake. Mganga humuuliza jina na haja yake, kisha mapatano huanza. Neno hili, kwa hiyo, haliji peke yake. Linakuja na tiba yake, wataalamu wake na maelezo yake ya chanzo cha madhara. Hadhira ya Dar es Salaam imelizoea neno hili mtaani, nayo imezoea kuwaona viumbe wa kutisha kwenye skrini tangu filamu za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, zilipotamba katika muongo wa kwanza wa karne hii. Fanani anayetamka “jini” hahitaji kueleza zaidi.

Zimwi lina jiografia nyingine. Makazi yake ni porini, na mawindo yake ni yule aliyepotea njia, aliyechelewa kurudi, aliyepuuza wosia wa wakubwa. Maadili ya ngano za zimwi humwelekea mtoto: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ipo pia methali isemayo, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii inadai kwamba mazoea ni kinga, kwamba mlaji anayekufahamu atakubakiza.

Jini na zimwi, pamoja na tofauti zao, wanakubaliana katika jambo moja: hatari hutoka nje. Huvuka bahari au hungoja msituni, na nyumba yenyewe haina hatia. Hapo ndipo maneno haya mawili yanapopwaya mbele ya gumiho.

3.0 Nunda: Mlaji Aliyelelewa

Ngano ya Sultani Majnuni ilikusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa katika Swahili Tales (1870). Bateman (1901) alitoa toleo lake la Kiingereza. Huanza na ulinzi ulioshindwa. Sultani ana mtende, na kila mwaka ndege hula tende zake kwa sababu wanawe waliotumwa kukesha hulala. Anayefaulu kukesha ni mwana wa saba, Mkaa Jikoni, aliyedharauliwa kwa kushinda na wapishi.

Kisha anaingia paka. Ni paka wa Sultani mwenyewe. Anakula ndama, anaendelea na mbuzi, ng’ombe, punda, farasi na ngamia. Kila watu wanapokwenda kushtaki, Sultani hujibu kwamba mlaji na mliwa wote ni mali yake. Paka anapomla mtoto wa mtu, jibu halibadiliki. Kiini cha ngano kimo katika jibu hilo. Sultani hakosi habari. Ameletewa ushahidi mara kadhaa. Anachokataa ni kuukubali, na hoja yake ni ya umiliki: kama vyote ni vyangu, hakuna aliyedhulumiwa. Ni pale tu paka, ambaye sasa amehamia kichakani, anapowaua watatu kati ya wana wa Sultani ndipo jina linapobadilika. Aliyekuwa paka anaitwa Nunda, mla watu.

Ngano hii inaijibu methali ya zimwi kwa kuipinga. Mlaji anayemjua Sultani kuliko wote ndiye anayemla mpaka kizazi chake. Methali inayoafikiana nayo ni nyingine: kikulacho ki nguoni mwako.

Sehemu ya pili inaimarisha hoja hii kwa njia isiyotarajiwa. Mkaa Jikoni anakwenda kumsaka Nunda bila kujua umbo lake. Anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, kuanzia mbwa hadi tembo, na kila mara anarudi kwa wimbo wa ushindi. Mama yake anamjibu kila mara kwamba huyo siye. Laiti Nunda angetambulika kwa ukubwa, tembo angetosha. Utambuzi wa mama unahusu tendo, hauhusu kiwiliwili. Kwa maana hiyo, safari ya mwana ni somo katika kosa lile lile la mfasiri anayetafuta kiumbe kwa kuhesabu pembe na mikia.

4.0 Dada Mbweha: Ushahidi Uliokataliwa

Ngano ya Kikorea ya dada mbweha husimuliwa kwa namna nyingi, lakini mhimili wake ni mmoja. Mtu mwenye wana wa kiume anatamani mno binti, naye anampata. Binti anapokua, mifugo inaanza kufa usiku. Baba anawaweka wanawe zamu ya kukesha zizini. Mmoja anamwona dada yake akitoa ini la ng’ombe na kulila. Anapomweleza baba, anafukuzwa kwa kumsingizia kipenzi cha nyumba. Katika baadhi ya masimulizi mwana mwingine anasema uongo unaomridhisha baba, naye anabaki. Aliyefukuzwa anaporudi baada ya miaka, anakuta magugu yamemeza ua, watu wote wameliwa na dada amesalia peke yake. Anaokoka kwa kurusha nyuma yake chupa za uganga zinazogeuka miiba, moto na maji.

Mfanano na Nunda unastahili kuangaliwa kwa makini. Katika ngano zote mbili kuna zamu ya ulinzi wa usiku. Mwana mmoja anaona ambacho wengine hawakioni au hawakisemi. Mlaji anaanza na mifugo na kupanda hadi watu. Na mlaji huyo ana mlezi mwenye mamlaka anayekataa shtaka. Hatudai kwamba ngano moja imezaa nyingine. Zipo pia tofauti zenye uzito. Sultani anakataa kwa umiliki, baba wa Korea anakataa kwa mapenzi. Katika ngano ya Unguja mwana aliyebezwa anaiokoa nchi. Katika ya Korea mkweli anabaki bila nyumba ya kuiokoa. Lakini swali linaloulizwa ni moja: mwenye nyumba anapoelezwa ukweli kuhusu kipenzi chake, hufanya nini?

Fanani akisema binti yule ni jini, au amepandwa na jini, swali hilo hufifia. Baba hugeuka mtu aliyepatwa, na kilichokosekana huwa mganga. Kufukuzwa kwa mwana mkweli, ambako ndiko kilele cha kimaadili cha ngano, kunakuwa tukio la pembeni. Ni vyema pia kukumbuka kwamba Majnuni, jina la Sultani, ni neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na jini. Ni mtu aliyepagawa, mwenye wazimu. Ngano ya Unguja imemweka jini katika jina la mtawala na kumwacha mnyama kuwa paka tu.

5.0 Jina kwa Umbo, Jina kwa Tendo

Mofolojia ya majina inatuonesha njia. Mla watu na Mkaa Jikoni yameundwa kwa kanuni moja: kiambishi m- cha ngeli ya kwanza, kitenzi na kijalizo chake. Mlaji na mwokozi wote wanatambulishwa kwa wanachokitenda. (Sikio la leo huenda likasikia pia mkaa wa kupikia, na si bahati mbaya katika ngano ya kijana wa jikoni.) Gumiho, kwa upande mwingine, ni jina la umbo: tisa, mkia, mbweha. Kulifasiri kama “mbweha wa mikia tisa” ni sahihi, lakini mbweha wa Kiswahili hana sifa ya kulaghai kwa uzuri, na hata ujanja katika ngano zetu ni wa sungura.

Hatari ya kushikilia umbo inajulikana kwetu. Popobawa, aliyezua taharuki Pemba na Unguja mwaka 1995 hadi habari zake zikafika Dar es Salaam, ana jina la umbo: popo na bawa. Thompson (2017) ameonesha jinsi usomaji wa kimataifa ulivyoyapotosha mazungumzo ya Watanzania kumhusu. Na Walsh (2009) amefuatilia jinsi maelezo ya taharuki hiyo yalivyofungamana na siasa. Wageni waliendelea kuchora mabawa ilhali wenyeji walizungumzia usalama wa kulala ndani ya nyumba zao. Korea nayo ina kisa chake: watafiti wamejadili kwamba dokkaebi mwenye pembe katika vitabu vya shule aliathiriwa na oni wa Japani wakati wa ukoloni. Tukilalamikia popobawa kugeuzwa popo, hatuna budi kumtendea gumiho haki iyo hiyo.

6.0 Hitimisho

Yapo mapingamizi ya haki. Fanani wa kibandani hana nafasi ya tanbihi, na neno jini huleta hofu mara moja kwa Mwislamu na Mkristo. Hata hivyo, Kiswahili kina kielelezo chake cha zamani kisichohitaji tanbihi: jina geni likifuatwa na tendo. Kama Unguja ilivyosema Nunda, mla watu, fanani anaweza kusema gumiho, mla maini, kwa upatanisho wa a-/wa-, na kuendelea na hadithi. Maneno matatu yanatosha. Kwa upande wa uhakiki, inafaa viumbe wa ngano wapangwe kwanza kwa kuuliza wanaishi wapi kuhusiana na nyumba, nani anawalisha, na nani alifukuzwa kwa kuwataja. Mikia inaweza kuhesabiwa baadaye.