Bunduki Mpya Inapocheza

Kabla ya yote, toa magazini, vuta bolti nyuma, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe hakuna risasi. Fanya hivyo hata kama bunduki imetoka kwenye boksi sasa hivi na muuzaji amekuapia kwamba ni tupu. Mtutu uelekee mahali pasipo na mtu.

Nazungumzia bunduki ya bolti ya kuwindia wanyama wakubwa, ile ya .375 H&H Magnum. Risasi hiyo ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na nchini Tanzania .375 ndicho kipimo cha chini kwa anayemfuata nyati au tembo. Teke lake ni takriban mara mbili ya lile la .308, na linapopiga bega lako huwa limekwisha kuvuta kila skrubu iliyomo kwenye silaha. Kitu kilichofungwa nusunusu kiwandani kitajitangaza mapema sana.

Na vitu hufungwa nusunusu kuliko wanunuzi wanavyodhani. Kinachoongoza ni reli ya darubini, kile chuma kinachokaa juu ya bodi ya bunduki na kushikwa na skrubu ndogo nne au zaidi. Mnunuzi anaikuta imeshafungwa, anaamini kiwanda kimemaliza kazi, anaweka pete na darubini juu yake, halafu anashangaa risasi zinatawanyika kwenye karatasi ya shabaha. Analaumu darubini. Analaumu risasi. Mwisho anajilaumu mwenyewe na mkono wake, na hapo ndipo nyati hujeruhiwa akaachwa porini.

Anayetaka kuijua bunduki nzuri ajifunze kwanza kutenganisha aina mbili za kulegea. Ipo iliyolegea kwa sababu mtu hakukaza, na ipo iliyolegea kwa sababu vipande viwili havikuchongwa kukaa pamoja. Ya kwanza ni uzembe wa dakika chache mwishoni mwa kazi, na hurekebishika. Ya pili ilianza kwenye mashine ya kuchongea, na hakuna bisibisi itakayoitibu.

Utaijuaje? Weka ncha ya kidole juu ya kiungo, pale reli inapokutana na bodi, nusu ya kidole huku na nusu kule. Kwa mkono mwingine sukuma darubini kushoto na kulia. Macho hayataona kitu, lakini kidole kitahisi mchezo mdogo mno, na mdogo huo unatosha kuharibu safari nzima. Skrubu za mbele na za nyuma zikiwa zimeachana milimita 100, reli ikihama sehemu moja ya kumi ya milimita upande mmoja, risasi itahama sentimita 10 kwenye umbali wa mita 100. Kwa mita 200 ni sentimita 20, na hapo umeshatoka kwenye moyo wa mnyama.

Ukihisi mchezo, fungua reli yote. Usikaze juu kwa juu. Tazama skrubu zinavyotoka: zikitoka zimelowa mafuta ya kuhifadhia chuma, umeshapata nusu ya jibu. Hesabu kila moja imezunguka mara ngapi hadi kuachia. Iliyoachia kwa mizunguko miwili haikuwa imeshika chochote cha maana, na thredi zake zitaliwa siku moja ya mazoezi.

Kisha angalia skrubu za mbele kwa makini, kwa sababu hapo pana hila inayowapoteza hata mafundi wazoefu. Tundu la mbele kwenye bodi nyingi hutoboa hadi kwenye mtutu ulioingia humo ndani. Skrubu ikiwa ndefu kidogo kuliko inavyotakiwa, ncha yake hugonga mtutu kabla kichwa chake hakijaibana reli. Mkononi unasikia imekaza kabisa, kumbe skrubu ndiyo iliyokaza na reli bado inaelea. Dawa yake ni skrubu ya urefu sahihi, au hiyohiyo ipigwe tupa kidogo. Kuongeza nguvu kutaivunja tu.

Sasa jaribio ninalolithamini kuliko yote. Rudisha reli ikiwa kavu, kaza skrubu za upande mmoja peke yake, uache upande wa pili wazi. Chungulia dhidi ya mwanga. Reli iliyochongwa vizuri italala kwenye bodi bila kuonyesha mwanya. Iliyochongwa vibaya itanyanyuka upande ulioachwa huru. Ukiikaza kwa nguvu hiyo ya pili itapinda, itapinda na darubini yako, na teke litakuwa linapigana na chuma kilichokunjwa. Hiyo ni ya kurudishwa kwa muuzaji.

Ikilala vizuri, kazi iliyobaki ni nyepesi. Safisha matundu na skrubu kwa spiriti hadi mafuta yaishe, tia tone moja la gundi ya skrubu, ile ya buluu inayokubali kufunguliwa tena, na uachane na nyekundu inayodai moto. Kaza kwa kupishanisha pande, kwa spana inayopima nguvu, kama kijitabu cha mtengenezaji kinavyoagiza. Kwa skrubu nyembamba za kawaida ni kama Nm 2. Fundi wa gari akiisikia namba hiyo atacheka, lakini skrubu hizi unene wake ni milimita 3.5 tu. Ndiyo maana kwa bunduki za teke kali naipenda bodi iliyotobolewa kwa skrubu nene za milimita 4.2. Naipenda zaidi bodi ambayo vishikio vya pete vimechongwa kwenye chuma chake chenyewe, kama Ruger walivyofanya kwenye M77 tangu mwaka 1968. Kisichofungwa hakilegei.

Mafundi wa zamani waliifikiria sana hofu hii ya kulegea. Kwenye bunduki bora za London, mifereji ya vichwa vya skrubu hupangwa yote ielekee urefu wa mtutu. Pambo hilo lina kazi: skrubu ikizunguka hata robo, mwenye bunduki anaiona bila kuishika. Mauser ya mwaka 1898 ina skrubu mbili kubwa zinazounganisha mti na chuma, na kando ya kila moja kuna skrubu ndogo ya kuifunga isigeuke. Ukinunua bunduki mpya isiyo na kinga ya namna hiyo, chora mwenyewe mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma cha jirani, na uutazame kila jioni kambini.

Skrubu hizo za mti zina jambo lao hapa kwetu. Mti wa jozi hunywa unyevu na kuutoa. Bunduki iliyokaa ghalani Dar es Salaam kisha ikapelekwa Dodoma wakati wa kiangazi, mti wake hunywea na skrubu hubaki bila cha kubana. Hilo si kosa la kiwanda. Kaza upya baada ya siku chache. Lakini unapoilegeza skrubu ya mbele, weka kidole kati ya mtutu na ncha ya mti. Chuma kikiruka au kusogea, basi kilikuwa kimelazimishwa kukaa kwenye mti usiokienea, na hilo ni kosa la kiwanda.

Kilengeo cha mbele kilichoshikwa kwa pete iliyolehemiwa kwenye mtutu kikicheza, usikipige nyundo. Lehemu haikushika, na kuirudia kunataka joto linalopimwa na mtu anayejua chuma. Mtutu unaocheza kwenye bodi, bolti isiyofunga sawasawa, au kifyatulio kinachojiachia bunduki ikigongwa kitako, hivyo usivijaribu kabisa, wala usiifyatue silaha hiyo hata mara moja. Mpelekee muuzaji kwa maandishi, pamoja na namba ya silaha, au fundi mwenye leseni, maana nchini silaha iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na haiguswi na kila mwenye tupa.

Nikiulizwa kama bunduki mpya yenye skrubu iliyolegea inafaa kununuliwa, jibu langu ni ndiyo, mradi reli ilale na thredi ziwe nzima. Lakini ile ambayo reli yake inanyanyuka na mti wake unakibana chuma kwa nguvu, usiichukue hata ukipunguziwa bei.