Injini Hujivutia Yenyewe

Tangu waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ufike Pemba mwaka 2010, jenereta za Wete zimepata maradhi mapya: kukaa bure. Zamani kisiwa kizima kilitegemea mitambo ya dizeli ya Wesha, na mwenye duka aliyetaka uhakika alikivuta kamba kijenereta chake mara kwa mara, petroli isipate nafasi ya kulala ndani ya tangi. Siku hizi umeme upo. Hukatika, ukarudi, ukakatika tena wiki nyingine, na jenereta inangoja zamu yake pembeni mwa ua, imefunikwa gunia. Siku inapotakiwa, haiwaki.

Petroli haina subira. Sehemu yake nyepesi, ile inayowahi kushika moto, ndiyo inayotangulia kuruka, khasa kwa joto letu hili. Inayobaki hugeuka utando wa kahawia unaonata, ukaenda kuziba jeti ya kabureta, tundu jembamba kuliko sindano ya kushonea. Mwenye mali huvuta kamba mpaka mkono umuume, akalaani Wachina, kisha akaibeba jenereta mgongoni mwa bodaboda kupeleka kwa fundi.

Fundi ninayetaka kumsifu hapa alikuwa akiishi kwa utando ule. Kibanda chake hakina kibao wala rangi. Kina meza ya mninga iliyolowa oili, debe la kabureta kuukuu, na kamba ya plagi zilizokufa zilizotungwa kama dagaa. Alizibua, akalipwa, na baada ya miezi kabureta ile ile ikarudi na ugonjwa ule ule. Mwingine angeshukuru kwa riziki isiyokwisha. Yeye aliona ni aibu, na hapo ndipo alipoanza kuutazama mtungi wa gesi wa jikoni kwa jicho jingine. Gesi ya mtungini haiozi. Mtungi uliofungwa vizuri leo utawaka mwakani kama ulivyowaka siku ulipojazwa, na jenereta ya akiba haihitaji sifa nyingine kubwa kuliko hiyo.

Watu husema fundi huyu "anazibadilisha" injini. Mimi naona anazirudisha kwao. Injini ya Étienne Lenoir iliyoonekana Paris mwaka 1860 ilikula gesi, na ile ya mipigo minne aliyoitengeneza Nikolaus Otto huko Deutz, Ujerumani, mwaka 1876, nayo ilikula gesi ya makaa ya mawe iliyokuwa ikipita kwenye mabomba ya miji kuwasha taa. Petroli ilikuja baadaye, kwa sababu chombo kinachotembea hakiwezi kuburura bomba la mji nyuma yake. Kabureta ikabuniwa kwa kazi moja: kuyapuliza mafuta yawe mvuke, yafanane na gesi kiasi injini isijue tofauti. Kwa hiyo anapoleta gesi yenyewe, fundi wa Wete anamwondoa mkalimani tu. Pistoni, valvu, plagi, vyote vinabaki vilivyokuwa.

Ndiyo maana kazi yake ukiitazama kwa haraka utaiona ndogo. Analegeza nati mbili, anatoa chujio la hewa, anapachika kati yake na kabureta kipande cha bati nene chenye tundu kooni, anaunganisha mpira, anarudisha chujio. Mtoto wa skuli angeweza. Ufundi wote umejificha mahala pengine, kwenye kisahani cha chuma chenye upana wa kiganja kinachokaa kati ya mtungi na injini.

Regulata ya jikoni tunaijua sote. Inapunguza nguvu ya gesi, kisha inaisukuma nje mfululizo mpaka mtu afunge. Jikoni haidhuru, maana mpishi yupo na moto unaonekana. Kwenye injini ni hatari: siku jenereta ikizimika yenyewe usiku, gesi itaendelea kusukumwa, ijaze kabureta, ijaze chujio, imwagike chini, ingoje cheche. Kisahani cha fundi kinafanya kinyume. Ndani yake mna kiwambo cha mpira, chembamba, kilichotandazwa juu ya valvu yenye springi laini. Kikikaa kimya, kimefunga. Pistoni inaposhuka na kuvuta hewa, mvuto ule hupita kwenye mpira, ukakinyanyua kiwambo, valvu ikafunguka, gesi ikapita kwa kiasi cha mvuto uliokuja. Injini ikizimika, mvuto hakuna, kiwambo kinalala. Fundi husema kwa maneno yake: injini haisukumiwi, hujivutia yenyewe.

Nimeliwaza sana neno hilo, na kila nikiliwaza namheshimu zaidi. Mafundi wengi, wa mashine na wa mambo mengine, wanaamini kazi yao ni kuongeza: mafuta zaidi, nguvu zaidi, waya mnene zaidi. Huyu amejenga ufundi wake juu ya kitu ambacho hakitoi mpaka kiombwe. Kiwambo chenyewe hakitengenezi yeye; kinaagizwa China, kikapita Dar es Salaam au Unguja. Lakini kukielewa, kukiweka wima penye kutikisika kidogo, kukadiria tundu la kooni lisiwe kubwa likaua mvuto wala dogo likaisonga injini, hayo hayaji ndani ya boksi.

Hesabu zenyewe ni za kustaajabisha ukizitia karatasini. Injini ya kawaida ya jenereta ndogo, kama Honda GX160 na ndugu zake wengi waliozaliwa China, ina ukubwa wa sentimita za ujazo 163. Ili umeme utoke wa mizunguko 50 kwa sekunde inavyotakiwa nchini kwetu, lazima mhimili uzunguke mara 3,000 kwa dakika. Na kwa kuwa ni ya mipigo minne, huvuta pumzi mara 25 kila sekunde. Ikifunguliwa kabisa inameza karibu lita 200 za hewa kwa dakika. Propani nayo inataka sehemu 24 hivi za hewa kwa sehemu moja ya gesi ili iungue sawasawa, na butani, iliyomo pia mitungini mwetu, inataka hewa zaidi ya hapo. Uwiano huo wote uko chini ya skrubu moja ya shaba.

Hapo ndipo panapopendeza kumtazama. Haangalii skrubu. Ameweka balbu ya zamani ya waya, si ya LED, kwa kuwa balbu ya LED huficha maradhi ya jenereta na ya waya huyasema. Anaifungua skrubu nusu mzunguko: injini inapanda, balbu inang'aa. Anafungua robo nyingine: mlio unakuwa mzito, unakokota, moshi wa bombani unabadilika harufu. Gesi imezidi. Anarudisha kidogo kidogo mpaka injini ianze kurukaruka kwa njaa, akaujua mwisho wa upande huo pia, kisha akasimama katikati. Halafu anachomeka pasi ya umeme ghafla, injini ipate mzigo, na kuusikiliza ule muda mfupi ambao gavana inafungua koo na kiwambo kinatakiwa kiwahi. Kikichelewa, injini inainama. Kikiwahi, balbu inakonyeza mara moja tu. Baada ya hapo ndipo anapochovya brashi kwenye povu la sabuni na kupaka kila kiungo cha mpira, akitafuta pumzi isiyo mahala pake.

Siku moja muuza barafu wa Jadida alikuja kuchukua jenereta yake, akainusa. "Fundi, mbona hainuki? Isije ikawa haijawaka vizuri."

"Imewaka, Bi Mkubwa. Na kwa kuwa hainuki ndiyo uiogope zaidi. Iweke uani, usiiingize ukumbini hata mvua ikinyesha."

Jibu hilo ni sehemu ya ufundi vilevile. Moshi wa gesi ni msafi zaidi kwa pua, lakini kaboni monoksidi haina harufu, na chumba kilichofungwa huua kwa gesi kama kwa petroli. Pia gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, hutambaa sakafuni na kutafuta pahala pa chini. Kwa hiyo mtungi ukae nje penye upepo, mbali na bomba la moto, na usimame. Mtungi uliolazwa hutoa kioevu badala ya mvuke, na kiwambo hakikuumbwa kwa kioevu. Haya huyarudia kwa kila mteja kwa sauti ile ile, mpaka wengine humwona mzushi.

Kuna anayokataa kabisa. Vijenereta vya mipigo miwili, vile vidogo vya Tiger ambavyo oili yake huchanganywa ndani ya petroli, havigusi: ukiviondolea petroli umeviondolea na oili, na silinda itakwaruzika kabla taarabu haijafika katikati. Humwambia mwenyewe ukweli na kumrudishia. Pia hatoi ahadi ya nguvu ile ile. Mvuke wa gesi unachukua nafasi ambayo ingekaliwa na hewa, hivyo sehemu moja ya kumi hivi ya nguvu hupotea; jenereta iliyokuwa ikibeba friji na pampu pamoja kwa kubahatisha, sasa itabeba kimoja kwa raha. Kwa hesabu ya mzigo wa kilowati mbili, mtungi wa kilo 15 hautazidi sana saa ishirini. Unafuu wa bei basi si hoja yake kubwa, na mimi nampenda kwa kutoifanya kuwa hoja. Gesi nayo huja kwa meli kama petroli. Ndiyo maana haling'oi tangi la mafuta. Anamwaga petroli yote iliyomo kaburetani, anafunga bomba lake, na kuliacha kwa siku ambayo mitungi itaadimika bandarini.

Ng'ambo, Bara, jambo hili lina majina makubwa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Leo bajaji na teksi za jiji zinatembea kwa gesi asilia, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam inafunga mifumo hiyo kwenye magari. Huko gesi ni methani, nyepesi kuliko hewa, na injini inayoila hupoteza nguvu zaidi kidogo kuliko ya propani. Kisahani kile kile kinafaa, ila tundu lazima lipanuliwe. Sisi Pemba bomba la gesi hatuna, ingawa Serikali ya Zanzibar ilitia saini mkataba wa utafutaji na kampuni ya RAK Gas mwaka 2018, na baraza za kahawa hazijaacha kuuchambua.

Fundi hashiriki mazungumzo hayo. Methani anayoiwaza yeye inatoka zizini. Ameulizwa na mfugaji kama biogesi ya samadi inaweza kuendesha pampu ya maji, na swali limemkaa. Samadi hutoa methani iliyochanganyika na hewa ya ukaa kwa zaidi ya theluthi, tena kwa nguvu ndogo isiyofika hata ile ya regulata ya jikoni, kwa hiyo koo litataka tundu pana kupita yote aliyowahi kutoboa, na springi ya kiwambo italazimika kulegezwa. Ina pia ile hewa yenye harufu ya mayai mabovu, inayokula shaba, na skrubu yake ni ya shaba. Mara ya mwisho nilipopita alikuwa amejaza kopo la maziwa kwa steliwaya iliyoshika kutu, ya kuinasa hewa hiyo, ametoboa juu na chini, na anatafuta mpira wa kutosha kulifunga kati ya zizi na injini.