Lugha ya Hukumu na Haki ya Aliyeshindwa: Uhakiki wa Uandishi wa Hukumu za Mahakama Kuu Tanzania na India kwa Mtazamo wa Rusizi

Ikisiri

Makala hii inahakiki hukumu za Mahakama Kuu kama matini, yaani maandishi yenye mwandishi, hadhira na mtindo. Inachunguza hatua ya Tanzania ya mwaka 2021 ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na kuilinganisha na uzoefu wa India, ambako hukumu zilizoandikwa kwa lugha rasmi zilirudishwa zilikotoka kwa sababu hazikueleweka. Hoja kuu ni kwamba kubadili lugha peke yake hakutoshi. Kipimo cha hukumu ni iwapo aliyeshindwa anaweza kuisoma, kujua kwa nini ameshindwa, na kuamua kama akate rufani. Makala inamalizia kwa kuangalia maana ya kipimo hicho kwa Rwanda, hususan Rusizi.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa Kiswahili mahakamani umetawaliwa kwa muda mrefu na swali moja: je, Kiswahili kina istilahi za kutosha? Swali hilo lilikwisha kujibiwa na Mahakama za Mwanzo za Tanzania, ambazo zimesikiliza mashauri na kuandika hukumu kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Haki, sheria, hukumu, shahidi, wakili na rufani si maneno mageni. Anayeendelea kuuliza kama lugha hii inaweza kubeba sheria anauliza jambo ambalo hakimu wa wilayani hulitenda kila siku ya kazi.

Swali ambalo halijapewa nafasi yake ni la mtindo. Hukumu iliyoandikwa kwa Kiswahili imeandikwaje, na imeandikwa kwa ajili ya nani? Hapa ndipo mhakiki wa fasihi na mwanaisimu wana kazi ambayo mwanasheria hawezi kuifanya peke yake.

2.0 Hukumu na msomaji wake

Hukumu ina wasomaji wengi: mawakili, majaji wa ngazi ya juu, wanafunzi wa sheria, waandishi wa habari. Katika makala hii msomaji wa kwanza ni aliyeshindwa. Aliyeshinda anahitaji kusoma amri ya mwisho tu, nayo inamtosha. Aliyeshindwa anahitaji sababu. Ndiye anayepaswa kutekeleza asichokipenda, na ndiye anayehesabu siku. Kwa mujibu wa kanuni za Mahakama ya Rufani ya Tanzania, taarifa ya kusudio la kukata rufani hutolewa ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe. Mtu asiyeweza kusoma hukumu yake hutumia sehemu ya siku hizo kutafuta wa kumsomea, na sehemu nyingine kutafuta wa kumweleza. Kwa hiyo suala la mtindo si pambo. Linaweza kuamua nani anafika mahakama ya juu na nani anabaki nyumbani.

3.0 Tanzania: kutoka kumbukumbu ya Kiingereza hadi hukumu ya Kiswahili

Kabla ya mwaka 2021, mahakama za juu ya zile za Mwanzo zilikuwa na utaratibu wa ajabu. Shahidi alizungumza Kiswahili, hakimu au jaji akaandika Kiingereza, hukumu ikatoka kwa Kiingereza, kisha wahusika wakaelezwa matokeo kwa Kiswahili. Maneno ya shahidi yalivuka mto mara mbili kabla ya kumrudia mwenyewe.

Hasara ya safari hiyo inaonekana katika mambo madogo. Shahidi anasema alimtambua mtu saa mbili usiku. Kwa hesabu ya Kiingereza ni saa nane, na mwandishi akiteleza, tukio linasogea kwa saa sita, jambo zito katika kesi inayosimama juu ya utambuzi wa gizani. Shahidi mwingine, katika shauri la mirathi, anamtaja baba mdogo na mjomba. Wa kwanza ni ndugu wa baba, wa pili ni ndugu wa mama, na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki haki zao juu ya mali ya ukoo hazifanani. Kiingereza kinawapa wote wawili jina moja. Kumbukumbu ikishaandikwa hivyo, mahakama ya rufani husoma ushahidi ambao haukutolewa.

Tarehe 1 Februari 2021, katika maadhimisho ya Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Kanda ya Musoma, kwa kuandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri lililohusu mgodi wa dhahabu wa North Mara, na akampandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Baadaye mwaka huohuo, Sheria Na. 1 ya 2021 iliifanyia marekebisho Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria hiyo iliacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale maslahi ya haki yanapodai, na kanuni za mwaka 2022 zikaeleza mazingira yenyewe.

Hatua hiyo inastahili pongezi. Hata hivyo, sifa iliyotolewa Dodoma ilihusu lugha ambayo hukumu iliandikwa, si namna ilivyoandikwa. Tangu hapo tumezoea kuhesabu hukumu za Kiswahili bila kuzihakiki. Uhakiki huo unahitajika, kwa sababu baadhi ya mashauri yanayogusa maisha ya watu wengi zaidi yalikwisha kuamuliwa kwa Kiingereza, na tafsiri yake, ikifanywa, itakuwa kielelezo kwa wengine. Katika shauri la Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama Kuu mwaka 2016 ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani iliunga mkono uamuzi huo Oktoba 2019. Hukumu zote mbili zilitolewa kwa Kiingereza. Msichana wa miaka 15 ambaye hukumu hizo zinamhusu kuliko mtu yeyote ndiye msomaji ambaye hazikumkusudia.

4.0 India: funzo la hukumu zisizosomeka

Kulinganisha na India si kwenda mbali. Katika karne ya 19, rufani kutoka mahakama ya ubalozi wa Uingereza Zanzibar zilipelekwa Mahakama Kuu ya Bombay, na Tanganyika ilitumia Sheria ya Ushahidi ya India hadi ilipotunga yake mwaka 1967. Desturi ya uandishi wa hukumu tuliyo nayo ilipitia huko.

Ibara ya 348 ya Katiba ya India inaagiza kwamba shughuli za Mahakama ya Juu na za kila Mahakama Kuu ziendeshwe kwa Kiingereza. Lugha nyingine inaweza kuruhusiwa katika mwenendo wa Mahakama Kuu ya jimbo, lakini ruhusa hiyo haigusi hukumu. Februari 2023, Mahakama Kuu ya Kerala ilichapisha hukumu zake mbili kwa Kimalayalamu, lugha ya watu wa jimbo hilo. Zilikuwa tafsiri za kumsaidia msomaji, na matini yenye nguvu ya kisheria ilibaki ya Kiingereza. Mwananchi alipewa kivuli cha hukumu; mwili wake ulibaki kwa mawakili.

Funzo kubwa zaidi linatoka Himachal Pradesh. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu ya India ilirudisha hukumu ya Mahakama Kuu ya jimbo hilo, katika mgogoro wa mwenye nyumba na mpangaji, kwa kuwa haikuweza kuielewa. Mwaka 2022 jambo kama hilo lilijirudia katika shauri la benki na mfanyakazi wake, na safari hii Mahakama ya Juu ilitoa mwongozo: hukumu iwe na aya zenye namba, ionyeshe hoja na sababu kwa mpangilio, na ieleweke kwa watu ambao maisha yao yanaguswa nayo. Hukumu hizo zilizorudishwa ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha iliyowekwa na Katiba, na zilisomwa na majaji waliobobea katika Kiingereza. Lugha haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa sentensi.

5.0 Sentensi inayoficha sababu

Kiswahili nacho kinaweza kufungwa kwa namna hiyohiyo. Tuangalie sentensi ifuatayo, iliyotungwa kwa ajili ya makala hii kwa mtindo unaozoeleka:

“Mahakama hii, baada ya kupitia mwenendo wa shauri na kuzingatia kwamba kielelezo ambacho kilikuwa kimewasilishwa na mdai, ambaye ndiye mrufani katika rufani hii, hakikuzingatiwa ipasavyo, inaona kwamba hoja hiyo haina mashiko isipokuwa pale ambapo ingethibitishwa kwamba kutozingatiwa huko kulisababisha kutotendeka kwa haki.”

Maneno yote ni ya Kiswahili fasaha. Hata hivyo, msomaji hajui nani hakuzingatia, hajui kielelezo ni kipi, na hajui kwa nini hoja imekataliwa. Vitenzi vimegeuzwa kuwa majina, kama “kutozingatiwa” na “kutotendeka”, na mtendaji ametoweka. Sasa tuiandike upya:

“Mrufani analalamika kuwa mahakama ya chini haikupima hati yake ya mauziano. Ni kweli haikuipima. Lakini hata kama ingeipima, matokeo yasingebadilika, kwa sababu hati hiyo haina sahihi ya muuzaji. Hoja hii inakataliwa.”

Toleo la pili lina taarifa ambayo la kwanza halina: sahihi inayokosekana. Haikuongezwa kwa ajili ya kupendeza. Sentensi fupi ilipofika kwenye “kwa sababu”, ilidai sababu, na mwandishi akalazimika kuitafuta. Sentensi ndefu ilimruhusu kupita bila kuwa nayo.

Wapo watakaosema kuwa sheria inahitaji sentensi ndefu ili isiache mwanya. Hoja hiyo ina uzito katika kutunga sheria, ambako masharti mengi hukutana mahali pamoja. Haina uzito kama huo katika hukumu, ambayo huamua jambo moja lililokwisha kutokea. Tatizo jingine ni nukuu. Hukumu ya Kiswahili inaponukuu kanuni kutoka uamuzi wa zamani wa Kiingereza na kuiacha bila tafsiri, msomaji hufungiwa mlango palepale penye uzito wa hukumu.

6.0 Maana yake kwa Rusizi

Makala hii imeandikwa Rusizi, ambayo wenyeji wengi bado huiita Cyangugu. Mji huu una chumba cha Mahakama Kuu ya Rwanda, na ng'ambo ya mto Rusizi ni Bukavu. Kinyarwanda kinawatosha Wanyarwanda mahakamani, na si kazi ya Kiswahili kukiondoa. Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya nchi hii mwaka 2017, kina kazi nyingine hapa: kumfikia mfanyabiashara wa Bukavu mwenye deni au mzigo unaobishaniwa upande huu, ambaye kwao shauri huandikwa kwa Kifaransa.

Akishindwa, atapewa Kiswahili kipi? Tanzania inasema rufani, Kenya rufaa. Bukavu husikika tribinali na avoka. Gazeti Rasmi la Rwanda limezoeleka kwa safu tatu, za Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki nayo, kwa mujibu wa Ibara ya 46 ya Mkataba wa Jumuiya, ilianzishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo Rwanda ina nafasi ya kuanza bila kurithi sentensi mbovu za wengine. Inaweza kuanza kwa kurasa mbili: muhtasari wa Kiswahili unaoambatana na hukumu siku inaposomwa, unaotaja hoja, sababu, amri, na siku ya mwisho ya kukata rufani.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kuwa lugha ya hukumu na uwazi wa hukumu ni mambo mawili. Tanzania imepiga hatua katika la kwanza. India inaonya juu ya la pili. Inapendekezwa, kwanza, vyuo vinavyofundisha Kiswahili na vile vinavyofundisha sheria vihakiki kwa pamoja hukumu zilizokwisha kuandikwa. Pili, nukuu za Kiingereza ndani ya hukumu za Kiswahili zitafsiriwe palepale. Tatu, tafsiri za hukumu zipewe hadhi ya kisheria inayojulikana, ili anayezitegemea asije akaambiwa baadaye kuwa alisoma karatasi isiyo na nguvu. Kila hukumu ipimwe kwa swali moja kabla ya kutiwa sahihi: aliyeshindwa, akiisoma leo jioni, atajua kwa nini?