Mdhamini wa Uwanja ni Nani?

Sisi tunaosoma Kiswahili hapa Uganda tumezoea kuambiwa kwamba neno likibeba maana mbili, muktadha utaamua. Kwa neno mdhamini sina hakika. Katika sheria, mdhamini ni mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake ailinde kwa niaba ya wengine. Katika matangazo ya mpira, mdhamini ni kampuni iliyolipa ili jina lake liandikwe kifuani mwa wachezaji. Wa kwanza anadaiwa hesabu, wa pili ndiye anayedai, maana amekwisha lipa. Hoja yangu ni kwamba katika habari za viwanja vya michezo vya mijini, maana ya pili imeifunika ile ya kwanza, na hasara yake si ya kamusi tu.

Nauchukua mfano wa Nakivubo kwa sababu hakuna aliyepita katikati ya Kampala asiyeujua. Uwanja huo uko bondeni, jirani na soko la Owino, tangu mwaka 1926. Katika miaka ya 1950 ulijengwa upya uwe ukumbusho wa askari wa Uganda waliokufa vitani, na sheria ya mwaka 1953 ikauweka mikononi mwa wadhamini. Hao ni wadhamini wa maana ya kwanza: walikabidhiwa ardhi kwa ajili ya michezo na burudani ya wananchi. Mwaka 2017 majukwaa ya zamani yalibomolewa, baada ya serikali kukubaliana na mwekezaji binafsi aujenge upya. Mwaka 2024 milango ikafunguliwa tena, na leo watu wanauita Hamz. Kuta zake zimezungukwa na maduka.

Siwalaumu wenye maduka. Wala simlaumu mwekezaji kwa kutafuta faida, kwani mfanyabiashara anayesema hatafuti faida ndiye wa kuogopwa. Ninaolaumu ni sisi wasomaji, pamoja na waandishi wetu wa michezo. Katika miaka yote ya ujenzi, maswali niliyoyasoma na kuyasikia mara nyingi yalikuwa haya: viti ni vingapi, nyasi ni za asili au za bandia, taa zitawashwa lini, CAF itaupitisha au haitaupitisha? Maswali halali, lakini yote yanahusu mechi, na mechi huchezwa siku chache katika mwezi. Maduka hufunguliwa kila siku isipokuwa pengine Krismasi. Kodi ya pango inaingia mfuko gani? Fungu la wadhamini ni kiasi gani? Muda wa mkataba ukiisha, kinachorudi kwa umma ni nini, uwanja pamoja na maduka au uwanja mtupu? Tumekaa mlangoni tukihesabu viingilio, na fedha zinapita dirishani.

Kuna jibu ambalo wenzangu darasani hulitoa haraka: mtu amejenga kwa fedha zake, umma unadai hesabu gani? Jibu hilo linaonekana zito mpaka uulize saruji yake ilimwagwa juu ya nini. Ilimwagwa juu ya ardhi iliyo katikati ya Kampala, kati ya soko na vituo vya mabasi, mahali ambapo kibanda cha kuuzia viatu hugombewa. Ardhi hiyo ni mchango wa umma katika ubia huo, na kwa kuwa haikununuliwa wala kutolewa risiti, hakuna anayeiandika kwenye safu ya matumizi. Tunasema uwanja umejengwa bure kwa sababu tumeshindwa kuipa ardhi bei.

Kuna mji mmoja wa Afrika Kusini ambako ardhi ya uwanja ilipewa bei, na bei yenyewe ilikuwa randi moja. Mji huo ni Mbombela, ambao wengi waliujua kwa jina la Nelspruit. Manispaa yake ilijenga uwanja kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2010, kwa gharama iliyopita randi bilioni moja. Ni uwanja wa kupendeza, lazima niseme. Nguzo 18 zinazoshikilia paa zina umbo la twiga, na viti vimepangwa mistari kama ya pundamilia. Mechi za Kombe la Dunia zilizochezwa pale zilikuwa nne, zote za hatua ya makundi.

Ardhi ilikuwa ya jamii ya Matsafeni, watu waliokuwa wamerudishiwa haki yao baada ya enzi ya ubaguzi wa rangi. Mkataba ukaandikwa wa kuihamishia manispaa kwa hiyo randi moja, mpaka Mahakama Kuu ikaukataa. Shule mbili zilikuwa zimesimama hapo. Wanafunzi wakahamishiwa kwenye madarasa ya muda yenye joto kali, na walipoona ahadi ya majengo mapya inasogezwa mbele kila mara, wakaingia barabarani kuandamana.

Aliyeuliza maswali ya zabuni za uwanja huo hakuwa mpinzani wala mgeni. Alikuwa Jimmy Mohlala, spika wa baraza la manispaa yenyewe na mwanachama wa chama kilichokuwa kikitawala. Mwezi Januari 2009 alipigwa risasi nyumbani kwake akafa. Sitamtaja muuaji, hiyo ni kazi ya mahakama. Ninalolitazama ni wakati. Mohlala hakusubiri uwanja ukamilike, waje wakaguzi wapitishe kalamu nyekundu juu ya fedha zilizokwisha kuliwa. Aliuliza mikataba ilipokuwa bado moto, na kwenye uwanja wowote huo ndio wakati ambapo swali lina thamani na pia lina hatari. Mwaka 2013 Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ilizitoza kampuni 15 za ujenzi faini ya jumla ya randi bilioni 1.46 kwa kupanga bei za zabuni kwa siri, zikiwemo zabuni za viwanja vya Kombe la Dunia. Faini ni kitu kizuri, ila viwanja vilikuwa na miaka mitatu tangu kukabidhiwa, na bei iliyopangwa ilikuwa imelipwa.

Hata mahali ambapo hakuna aliyeiba, mkataba ndio unaoamua. Mjini Cape Town, kampuni iliyotazamiwa kuendesha uwanja mpya kwa miaka mingi ilipiga hesabu za baada ya Kombe la Dunia, ikajiondoa mwezi Oktoba 2010 kabla ya kutia sahihi. Kampuni iliweza kuondoka. Mji haukuwa na pa kwenda, ukabaki na uwanja na bili zake.

Nirudi nyumbani. Hatuna uhaba wa sheria. Ibara ya 41 ya Katiba yetu inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2005 inamtaka ofisa ajibu ombi ndani ya siku 21. Uwanja wa Lugogo, unaobeba jina la marehemu Phillip Omondi, ni mali ya mamlaka ya jiji, kwa hiyo hesabu zake zinaingia katika vitabu ambavyo Mkaguzi Mkuu hukagua kila mwaka. Ukitaka kugombana na KCCA juu ya Lugogo, unajua pa kuanzia. Mambo hubadilika uwanja wa umma unapoingia katika ubia na mtu binafsi. Hapo ghafla kila karatasi inakuwa siri ya biashara. Mwaka 2010 mahakama ya Nakawa ilikataa ombi la waandishi wawili wa habari waliotaka kuona mikataba ya mafuta. Kama mafuta yalifungiwa sandukuni, maduka ya Nakivubo yatafunguliwa na nani?

Haya yana haraka sasa kuliko zamani. Mwaka 2023 Uganda, Kenya na Tanzania zilipewa kwa pamoja kuandaa AFCON ya mwaka 2027, na Hoima nayo imeingia katika orodha ya miji yenye uwanja wa kisasa. Redioni tunasikia uwezo wa viti na jina la mkandarasi. Sijasikia mtangazaji akiuliza nani atalipa umeme na maji ya nyasi mwaka 2028 wageni wakishaondoka, wala maduka ya kandokando, kama yatakuwepo, yatakodishwa kwa nani na kwa bei gani.

Fomu ya maombi ya habari hujazwa kwa dakika chache. Yangu ya Nakivubo ina maswali mawili tu: wadhamini wa leo ni akina nani kwa majina, na mara ya mwisho walitoa hesabu mwaka gani?