Mstari wa Pili

Ukishuka steji ya Kawangware 56, Nairobi, ukawapita wauza mitumba na mama wa mahindi ya kuchoma, kuna ngazi ya chuma inayopanda hadi chumba kilichogawanywa kwa mbao. Hapo hufanya kazi afisa wa kliniki ambaye mtaa mzima humwita daktari. Alisomea magonjwa ya ngozi Moshi, katika chuo cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1992. Nimekaa kwenye benchi lake asubuhi kadhaa, kwa ruhusa yake na ya wagonjwa, nikitazama jambo moja: anavyopima kama mtu ameridhika na matibabu ya chunusi.

Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Muulize mgonjwa wa hapa, "Umeridhika?" naye atajibu, "Ndiyo daktari, asante sana, Mungu akubariki." Ni adabu hiyo. Mtu aliyelelewa vizuri hakwambii usoni kwamba dawa yako haijamfaa. Ukiliandika jibu lake kwenye kadi, umepima malezi yake.

Kwa hiyo daktari haanzi na neno hilo. Anamsogeza mgonjwa dirishani, maana balbu ya chumba huficha vipele vidogo, halafu anahesabu: paji, shavu hili, shavu lile, pua, kidevu, kisha kifua na mgongo. Kidole hupita karibu na ngozi bila kuigusa. Anaandika hesabu yake, anaifunika kwa kiganja, ndipo anampa mgonjwa karatasi ajaze mwenyewe. Nilikipenda sana kile kiganja. Hataki namba yake iivute ya mgonjwa.

Karatasi ina maswali matano. Waliyatunga R. J. Motley na A. Y. Finlay huko Cardiff, Wales, yakachapishwa 1992. Alama ya juu ni 15, na kadiri inavyopanda ndivyo chunusi zinavyomtesa mtu. Mengi yanauliza habari za mwezi uliopita: uliona aibu, ulikwepa watu, unaionaje ngozi yako. La tatu linauliza kama uliepuka kuvaa nguo za kuogelea au kubadilisha nguo mbele ya watu. Hapo kalamu ya kijana wa Kawangware husimama. Bwawa la kuogelea analijulia wapi? Anaandika sifuri, na sifuri hiyo haisemi lolote kumhusu.

Daktari hafuti swali, kwa sababu ukilibadilisha huwezi tena kulinganisha alama zako na za wengine. Anaiacha sifuri ilivyo, kisha pembeni, kwa penseli, anaongeza ya kwake. Kwa kijana: "Kinyozi ulienda lini?" Mwenye chunusi kidevuni na kisogoni huiogopa mashine. Kwa msichana: "Kwaya mkipigwa picha, ulisimama wapi?" Mmoja alicheka, akajifunika mdomo, akasema, "Nyuma, daktari. Lakini ya juzi nilikuwa mstari wa pili." Hesabu ya vipele vyake ilikuwa imeshuka kidogo tu. Daktari aliandika "mstari wa pili" na kuyapigia mstari maneno hayo.

Wapo wa kinyume chake pia. Vipele vimekwisha, dirishani hakuna cha kuhesabu, lakini karatasi bado imejaa alama. Ngozi nyeusi hubaki na madoa miezi mingi baada ya kipele kupona, na kwa mwenye uso wake, doa ni chunusi bado.

Ila ustadi mkubwa wa daktari, kwa maoni yangu, uko kwenye tarehe. Mtaani huuzwa krimu za kuchanganya zenye steroidi. Steroidi hutuliza uvimbe upesi, hata wiki ya pili uso unakuwa laini. Muulize mtu siku hiyo, krimu hiyo itasifiwa kuliko dawa zote. Baada ya miezi ngozi imekonda, vipele vimerudi kwa wingi, na akiacha kupaka mambo yanazidi kuharibika. Dawa za chunusi kama benzoili peroksaidi na adapaleni huenda njia nyingine: mwanzoni hukausha na kuwasha, pengine vipele huongezeka, na nafuu ya kweli huchukua wiki 8 hadi 12. Kwa hiyo wiki ya nne hatoi karatasi kabisa. Anauliza tu, "Inawasha? Unapaka kiasi gani?" na kuonyesha kwa ncha ya kidole: kiasi cha minji moja, kwa uso mzima. Karatasi hurudi wiki ya 12.

Na wasiorudi? Jambo hili ndilo lililonifanya nimheshimu zaidi. Wanaokuja wiki ya 12 ni wale ambao dawa imewakubali na nauli imepatikana. Ukiwapima hao peke yao, kila dawa itaonekana nzuri. Basi Ijumaa jioni, benchi likiwa tupu, anafungua daftari la kaunta na kuwapigia waliopotea, mmoja mmoja. "Habari yako, mama? Ni daktari wa 56. Sikupigii kukudai."

Ijumaa moja mama mmoja wa Kibera alipokea, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Daktari, nisamehe. Iliniwasha, nikaitupa siku ya tano."

"Umenisaidia sana kuniambia," daktari akajibu, na kumweleza aanze upya, apake usiku mmoja aruke mmoja. Alipokata simu aliandika "siku ya tano", akakaa akiitazama. Kisha akachukua rula, akachora safu mpya kwenye daftari, kabla ya ile ya wiki ya nne, na juu yake akaandika: simu, siku ya tatu.