Ile «kiwango cha sukari» ya ku memwari zetu

Wandugu, mwezi huu wadogo wetu wa agronomia walinipa memwari nne nizisome kabla hawajazipeleka mbele ya juri. Zote ziko juu ya matunda, na zote ziko na sentensi moja kama mapacha: «Kiwango cha sukari kilipimwa kwa refraktometa.» Kisha nukta. Hakuna aliyesema kifaa kilirekebishwa namna gani, saa ngapi, ku joto gani. Nilitaka kuwakasirikia, halafu nikafungua memwari yangu mwenyewe. Sentensi ni ile ile.

Tuanze na neno lenyewe. Kile kifaa cha mkono, cha dola kama 20, hakijui sukari. Kinaangalia namna mwangaza unavyopinda ukipita ndani ya maji ya tunda, kisha kinatupa digrii za Briksi, sawa vile kila kitu kilichoyeyuka humo kingekuwa sukari ya miwa. Digrii 1 ni gramu 1 ya sukari ndani ya gramu 100 za mchanganyiko. Mnabisha? Yeyusha gramu 5 za chumvi ya jikoni ndani ya gramu 95 za maji, tia matone juu ya kioo: utasoma karibu 6, na sukari haimo hata punje. Marakuja iko na asidi mingi, na ile asidi inahesabiwa pia. Basi tuandike «vitu vilivyoyeyuka, kwa digrii za Briksi». Kwa kasiksi iliyochacha ni mbaya zaidi, maana pombe nayo inapandisha namba, na bado mmoja wa wale wanne ameandika «sukari iliyobaki» bila haya.

Kurekebisha, kila mtu anajua: tone la maji safi, unazungusha skrubu mpaka mstari ukae ku sifuri. Sawa, lakini hapo umehakikisha sifuri tu. Marakuja haiko ku sifuri, iko ku 14 au 15. Pima gramu 15 za sukari na gramu 85 za maji, uone kama kifaa kinasema 15. Muangalie vizuri: haiko gramu 15 ndani ya gramu 100 za maji, ile inatoa 13, na utalaumu kifaa bure. Mzani wa labo na sukari ya dukani vinatosha.

Sasa joto, njo fasi mimi nilianguka. Kipimo kimetengenezwa kwa digrii 20. Maji ya tunda yakiwa na joto zaidi, kifaa kinasoma chini. Yakiwa baridi, kinasoma juu. Vifaa vyenye alama ATC vinajirekebisha, kwa kawaida kati ya digrii 10 na 30, mradi usubiri nusu dakika. Changu hakikuwa nayo. Niliweka sifuri asubuhi, nikapima marakuja ya shamba lenye mbolea ya mbuzi kukiwa bado baridi: 14,8. Saa nane mchana, jua kali, nikapima ya shamba lisilo na mbolea: 14,2. Sikurudia sifuri. Tofauti ya joto ya digrii 8 au 9 inaweza kuleta ile 0,6 peke yake, bila mbuzi yeyote.

Ningeweka chupa ya maji kando ya matunda, nirudie sifuri kila saa, na nichanganye matunda ya mashamba yote mawili asubuhi na mchana, kosa lingeonekana. Juri haikuuliza. Walinipongeza, na mimi nikarudi kijijini kuambia watu mbolea ya mbuzi inaongeza utamu. Wakulima wawili walinunua mifuko juu ya maneno yangu. Pengine mbolea ilisaidia mavuno, sijui, lakini mimi niliwauzia utamu.

Kwa hiyo msinikasirikie, wadogo, nikiwarudishia memwari na maswali ku kila jedwali. Wawili wamekwisha kurudia vipimo. Mmoja ananiambia matunda yalishakwisha, msimu umepita. Nimemwambia aandike hivyo hivyo, saa na joto alivyokumbuka, na afute neno «sukari». Mimi msimu ujao ninarudi kwa wale wakulima wawili na kifaa, mzani na chupa ya maji.