Prorogue: kitenzi kilichofutwa kwenye kumbukumbu za Bunge

Tarehe 25 Septemba 2019, Spika John Bercow aliwatangazia wabunge wa Uingereza kwamba Katibu ameagizwa kurekebisha kumbukumbu rasmi za tarehe 9 mwezi ule. Palipoandikwa kuwa Bunge lilikuwa “prorogued” pafutwe, paandikwe “adjourned”. Kwa Kiswahili cha haraka vitenzi vyote viwili tungeviita “kuahirisha”, na hapo ndipo tungepotea. Siku moja kabla, majaji 11 wa Mahakama ya Juu walikuwa wametoa hukumu kwa kauli moja, na tofauti ya vitenzi hivyo ndiyo iliyoamua kama Bunge lilikuwepo kazini au la.

Tuvipange. Adjourn ni kazi ya wabunge wenyewe: wanaahirisha kikao hadi kesho au hadi baada ya likizo, na wakirudi wanaendelea walipoachia. Dissolve ni kuvunja Bunge: viti vyote vinakuwa wazi na nchi inakwenda kwenye uchaguzi. Prorogue imekaa katikati. Mbunge anabaki na kiti chake, lakini muhula wa vikao umefungwa. Kamati haziketi, maswali kwa mawaziri yanafutika, na muswada ambao haujapita unakufa, isipokuwa kama ulipewa mapema ruhusa ya kuvushwa. Muswada wa Kilimo ulioletwa bungeni mwaka 2018 uliishia hivyo, ikabidi uletwe mwingine mwaka 2020.

Jambo kubwa zaidi ni mtendaji. Wabunge hawapigi kura ya ku-prorogue. Anayefanya hivyo ni Mfalme au Malkia, kwa ushauri wa serikali. Ndiyo maana tarehe 28 Agosti 2019 Jacob Rees-Mogg, Kiongozi wa Serikali bungeni, alisafiri hadi Balmoral, Scotland, kwenye kikao cha Baraza la Faragha mbele ya Malkia Elizabeth II. Huko ikatolewa amri: Bunge lifungwe kati ya tarehe 9 na 12 Septemba, lifunguliwe tarehe 14 Oktoba. Usiku wa kuamkia tarehe 10, amri ile ikatekelezwa na makamishna wa Malkia kwa sherehe katika Baraza la Malodi, huku baadhi ya wabunge wa upinzani wakipinga waziwazi.

Kufunga muhula si dhambi. Kwa kawaida hufanyika kwa siku chache tu, ili serikali ipate kuandaa hotuba mpya ya Mfalme au Malkia. Safari hii Bunge lingekaa kimya wiki tano kati ya nane zilizobaki kabla ya tarehe 31 Oktoba, siku ambayo Uingereza ilitarajiwa kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Mahakama haikupewa sababu ya maana ya urefu huo. Ikasema ushauri wa Waziri Mkuu Boris Johnson ulikuwa kinyume cha sheria, kwa hiyo amri iliyotokana nao ni batili tangu mwanzo: ni kama wale makamishna waliingia kwa Malodi wameshika karatasi tupu. Kama hakukuwa na amri, basi Bunge halikufungwa. Ndiyo sababu Spika alihitaji kitenzi kingine. Hata sheria ya ukarabati wa majengo ya Bunge, iliyopata idhini ya Malkia katika sherehe ileile, ilibidi ipewe idhini upya.

Asili ya kitenzi hiki inachekesha kidogo. Kilatini prorogare kilimaanisha kurefusha. Warumi walikitumia pale kamanda alipoongezewa muda wa uongozi. Wa kwanza anayetajwa ni Quintus Publilius Philo, karne ya 4 kabla ya Kristo, ili asiache vita vya Naples katikati. Kutoka kurefusha muda kikageuka kuwa kusogeza siku mbele, na kutoka hapo kufunga Bunge hadi siku nyingine.

Wakanada wanakijua vizuri. Tarehe 4 Desemba 2008 Waziri Mkuu Stephen Harper, akikabiliwa na kura ya kutokuwa na imani, alimwomba Gavana Mkuu Michaëlle Jean afunge muhula. Akakubaliwa, na kura ile haikupigwa. Bunge liliporudi tarehe 26 Januari 2009, muungano wa wapinzani wake ulikuwa umelegea.

Kwetu pia kitenzi hiki kilikuwa na makao. Katiba ya zamani ya Kenya ilimpa Rais mamlaka ya ku-prorogue Bunge wakati wowote. Katiba ya mwaka 2010 ikayaondoa. Dodoma nako mambo ni mengine: Waziri Mkuu hutoa hoja ya kuahirisha mkutano wa Bunge, na wabunge ndio wanaoamua. Hiyo ni adjourn, hata hotuba yake iwe ndefu namna gani.

Sasa matumizi. Hutamkwa “prorog”, mkazo ukiwa mwishoni, na g ni ile ya “gogo”. Herufi u na e hazisomwi. Nomino yake ni prorogation. Yambwa yake ni Bunge au chombo cha kutunga sheria kinachofanana nalo. Kamati ya harusi hai-prorogue mkutano, na kampuni hai-prorogue malipo ya wadai, hata kama mwandishi anataka kuonekana msomi. Hapo postpone au adjourn inatosha.

Kwa mfasiri na mwandishi wa habari, kabla ya kuchagua neno la Kiswahili jiulize mambo matatu: nani ametenda, je, wabunge bado wana viti, na je, miswada imekufa? Ukiandika “alivunja Bunge” kwa tukio la 2019, umewaambia wasomaji kuwa kulikuwa na uchaguzi. Ukiandika “Bunge liliahirishwa”, umewatwika wabunge uamuzi ambao haukuwa wao. Andika “Malkia, kwa ushauri wa serikali, aliamuru muhula wa vikao vya Bunge ufungwe”. Ni maneno mengi kuliko kitenzi kimoja cha Kiingereza, lakini hayadanganyi.